Mitukutiko Ikitulia, Kupona Ndiko Kunaanza

Maandishi ya mazungumzo kuhusu kifafa kwa wakazi wa Gataka, Kaunti ya Kajiado



Mtu akianguka kifafa stejini au sokoni, watu hukusanyika mara moja. Huyu anataka maji, yule anatafuta kijiko, mwingine anasema avuliwe kiatu anusishwe. Baada ya dakika mbili au tatu mwili unatulia. Umati unashusha pumzi, unatawanyika, na kila mmoja anarudi kwa shughuli zake. Aliyeanguka anabaki chini, hajui aliko, ulimi unamuuma, nguo zimelowa, na pengine simu yake haionekani.

Hapo ndipo msaada mwingi hukoma, na hapo ndipo unapohitajika zaidi. Mazungumzo haya ni kuhusu muda huo: saa, siku na wiki zinazofuata shambulio kubwa la kifafa. Madhara mengi yanayompata mgonjwa hutokea baada ya mitukutiko kuisha, na mengi kati ya hayo yanaweza kuzuiwa na jirani, mwenye nyumba, mwalimu au mwendeshaji wa bodaboda asiyekuwa na cheti chochote cha udaktari.

Kinachotokea mwilini

Ubongo hufanya kazi kwa ishara ndogo ndogo za umeme, kila sehemu kwa wakati wake. Katika shambulio kubwa la kifafa, seli nyingi za ubongo hutoa ishara kwa pamoja bila mpango. Misuli yote hukaza kwa ghafla. Hewa iliyo kifuani husukumwa kooni, ndiyo sababu wengine hutoa ukelele wanapoanguka. Ukelele huo si sauti ya pepo. Taya hufunga, na ulimi ukiwa katikati huumwa. Kisha mwili hutukutika, mate hutoka, na mkojo unaweza kutoka bila mtu kujua.

Kwa kawaida hayo yote huchukua kati ya dakika moja na tatu. Katika muda huo mfupi misuli hufanya kazi kama ya mtu aliyepandishwa milima ya Ngong mbio bila kupumzika. Ubongo nao huchoka. Mitukutiko ikiisha, ubongo hauamki kwa mara moja kama taa iliyowashwa. Huamka sehemu kwa sehemu. Mtu anaweza kufungua macho kabla ya kuweza kuelewa maneno, na anaweza kusimama kabla ya kujua yuko wapi. Ndiyo maana macho yaliyo wazi si ushahidi kwamba amerudi.

Saa ya kwanza

Mambo ya kufanya wakati wa shambulio ni machache. Msaidizi aangalie saa. Aondoe mawe, viti na chochote chenye makali au moto. Aweke kitu laini chini ya kichwa, kama sweta au leso, na kulegeza tai au shuka iliyobana shingo. Asimshike kwa nguvu kuzuia mitukutiko, kwa maana anaweza kumtegua bega. Asitie kijiko, kidole wala kitambaa mdomoni. Hakuna mtu anayemeza ulimi wake, lakini wako wengi waliovunjwa meno kwa kijiko. Kiatu, kitunguu na njiti ya kiberiti puani havina msaada wowote.

Mitukutiko ikitulia, kazi ya msaidizi inaanza upya. Amlaze mgonjwa kwa ubavu, goti la juu likunjwe, uso uelekee chini kidogo ili mate na matapishi yatoke. Ahakikishe anapumua. Asimpe maji, chai, soda wala dawa ya kumeza mpaka awe ameamka kabisa na anaweza kujibu jina lake na mahali alipo. Maji yanayopewa mtu ambaye hajaamka vizuri huweza kuingia mapafuni.

Mtu mmoja akae naye. Wengine waondoke, hasa wanaochukua video ya kusambaza. Video fupi iliyochukuliwa na jamaa kwa ajili ya kumwonyesha daktari ina faida kubwa, kwa sababu daktari huwa hakuwapo na mgonjwa mwenyewe hakumbuki. Video ya kusambaza kwenye simu za mtaa mzima inamwondolea mtu heshima yake. Afunikwe kwa leso au koti ikiwa nguo zimelowa. Simu, pesa na kitambulisho chake vikabidhiwe mtu anayejulikana.

Wakati mwingine mgonjwa huinuka akiwa bado amechanganyikiwa na kuanza kutembea. Kando ya barabara ya Magadi au ya Namanga, hatua chache tu zinaweza kumfikisha mbele ya lori. Msaidizi atembee naye, amwelekeze taratibu mbali na barabara, aongee kwa sauti ya chini. Akimkamata kwa nguvu, mgonjwa anaweza kurusha mikono, kwa kuwa hajui anayemshika ni nani. Si ukorofi wala wazimu. Ni ubongo ambao bado uko katikati ya kuamka.

Anapopata fahamu, aelezwe polepole: ulianguka, imepita dakika kadhaa, uko salama, uko mahali fulani. Aelezwe tena akiuliza tena, kwa maana maneno ya mara ya kwanza mara nyingi hayakai kichwani.

Wakati wa kukimbilia hospitali

Si kila shambulio linahitaji ambulensi. Lakini mgonjwa apelekwe hospitali bila kuchelewa ikiwa mitukutiko imepita dakika 5. Ikiwa shambulio la pili limeanza kabla hajaamka kutoka kwa la kwanza. Ikiwa hapumui vizuri. Ikiwa ameumia kichwa au ameungua. Ikiwa alianguka majini. Ikiwa ana kisukari. Ikiwa ana homa kali au shingo imekakamaa. Au ikiwa nusu saa imepita na bado haonyeshi dalili ya kuamka. Yeyote anayeanguka kwa mara ya kwanza maishani achunguzwe siku hiyo hiyo. Malaria kali, sukari kushuka, au kuacha pombe ghafla baada ya kuinywa sana kwa muda mrefu huweza kuleta mitukutiko, na shambulio moja peke yake halimaanishi kwamba mtu ana kifafa.

Mama mjamzito au aliyejifungua karibuni akitukutika, hiyo ni dharura kila mara. Inaweza kuwa kifafa cha mimba, ambacho huua mama na mtoto kwa haraka.

Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Kajiado na hospitali za kaunti ndogo za Kitengela, Ngong na Ongata Rongai ni mahali pa kukimbilia. Kwa usafiri wa dharura, nambari 999 na 112 hupigwa, na Shirika la Msalaba Mwekundu hupokea simu kwa 1199.

Siku tatu za mwanzo

Baada ya shambulio kubwa, usingizi ni dawa. Wengine hulala saa mbili, wengine mchana kutwa. Aachwe alale kwa ubavu, na mtu awe anamchungulia mara kwa mara. Kumwamsha ili aende kazini au akachote maji ni kumrudisha kwenye hatari, kwa sababu ukosefu wa usingizi ni mmoja wa vichochezi vikubwa vya shambulio jingine.

Kichwa kuuma na misuli kuuma mwili mzima ni kawaida, na dawa ya kawaida ya maumivu kama paracetamol husaidia. Ulimi ulioumwa hupona wenyewe. Asukutue kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, na ale uji, ndizi za kupondwa au maziwa mpaka kidonda kifunge. Lakini bega lisiloinuka, maumivu makali ya mgongo au kichwa kinachozidi kuuma si mambo ya kuvumilia. Nguvu ya mitukutiko huweza kutegua bega na hata kuvunja pingili za uti wa mgongo, na mtu akaenda siku nyingi akidhani ni uchovu tu.

Wako wanaoamka mkono au mguu wa upande mmoja ukiwa hauna nguvu, au maneno hayatoki. Mara nyingi hali hiyo huisha yenyewe ndani ya siku moja au mbili. Hata hivyo, inafanana sana na kiharusi. Ikitokea kwa mara ya kwanza, mgonjwa asisubiri nyumbani aone kama itaisha. Aende hospitali.

Lipo jambo jingine ambalo familia nyingi hazijaelezwa. Mtu aliyepata mashambulio kadhaa mfululizo anaweza kuamka vizuri, akaonekana amepona, kisha siku moja au chache baadaye akaanza kusikia sauti, kuwashuku jamaa zake au kusema mambo yasiyoeleweka. Familia huona kuwa amerogwa au mapepo yamerudi na ndugu zao. Hali hii inajulikana na madaktari, ina matibabu, na kwa wengi hupita baada ya siku au wiki chache. Kumfunga kamba na kumpeleka kuombewa bila kumpeleka hospitali ni kupoteza siku ambazo angeweza kutibiwa.

Dawa, na swali la kwa nini

Shambulio likipita, kuna swali moja ambalo familia inapaswa kuuliza bila kulaumu: kwa nini leo? Sababu inayoonekana mara nyingi ni dawa iliyorukwa. Vidonge viliisha kabla ya tarehe ya kliniki. Nauli haikupatikana. Mgonjwa alisafiri ushago akasahau pakiti mezani. Alikuwa amekaa miezi minne bila kuanguka, akaamua amepona. Sababu nyingine ni kukesha, pombe, homa, kutapika au kuharisha mpaka dawa isikae mwilini, na kuchanganya dawa za kifafa na nyingine bila kumwambia daktari.

Kipimo kinachofuata kimezwe kwa saa yake, mgonjwa akiwa ameamka kabisa. Asimeze vidonge vya siku tatu kwa pamoja ili kulipa alivyovikosa. Anayegundua ameruka dawa kwa siku kadhaa aulize kituo cha afya namna ya kurudi. Na asiache dawa ghafla. Kuacha ghafla kunaweza kuleta mashambulio yasiyokatika. Kwa kawaida daktari hufikiria kupunguza dawa baada ya angalau miaka 2 bila shambulio hata moja, na hupunguza kidogo kidogo.

Wanawake wana maswali yao ya kuuliza. Baadhi ya dawa za kifafa hupunguza nguvu ya vidonge vya kupanga uzazi, na dawa iitwayo valproeti inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mwanamke anayetarajia kupata mimba aonane na daktari mapema. Aliyekwisha kushika mimba asiache dawa kwa hofu. Aende kliniki akiwa bado anaimeza.

Daftari la shilingi chache linaweza kuokoa maisha. Ndani yake iandikwe tarehe, saa, shambulio lilichukua dakika ngapi, upande gani ulianza, alilala kwa muda gani, na kama dawa ilikuwa imerukwa. Daktari akiwa na daftari la miezi mitatu anaweza kurekebisha dawa kwa uhakika ambao maneno ya "huanguka mara kwa mara" hayawezi kumpa.

Matumaini yapo, na si ya kubuni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 duniani wana kifafa, na kwamba hadi asilimia 70 kati yao wangeweza kuishi bila mashambulio kama wangegunduliwa na kutibiwa ipasavyo. Fenobabitali, moja ya dawa zinazotumika katika vituo vya umma, imetumika kwa kifafa tangu 1912 na ni ya bei nafuu. Anayehudhuria zahanati au kituo cha afya ajisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024.

Kwa nini wengi hawafiki kliniki

Huko Kilifi, watafiti wa KEMRI wamefuatilia kifafa kwa miaka mingi wakienda nyumba kwa nyumba. Walikuta kwamba zaidi ya nusu ya wenye kifafa cha mitukutiko hawakuwa wakitumia dawa inavyotakiwa. Umbali na gharama vilikuwa sehemu ya sababu, na imani kuhusu chanzo cha ugonjwa ilikuwa sehemu nyingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliohusisha Kilifi, Ifakara nchini Tanzania, eneo la Iganga na Mayuge nchini Uganda, na sehemu nyingine mbili za Afrika, ulionyesha uhusiano wa kifafa na matatizo wakati wa kuzaliwa, majeraha ya kichwa na maambukizi ya vimelea kama minyoo ya nguruwe. Hayo yote ni mambo ambayo kliniki nzuri ya uzazi, kofia ngumu ya bodaboda na nyama iliyoiva vizuri vinaweza kupunguza.

Historia ya Mahenge, Tanzania, inaonyesha pia hofu inavyoua. Mapema katika miaka ya 1960, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa huko. Aliwakuta wagonjwa waliotengwa, wakila peke yao na kulala peke yao, kwa sababu watu waliamini kwamba mate yao yanaambukiza. Wengi walikuwa na makovu ya moto. Mtu alipoangukia motoni, waliokuwa karibu waliogopa kumgusa. Walipoanza kumeza dawa kila siku, wengi walianguka mara chache zaidi, na baadhi wakarudi kula na kufanya kazi pamoja na wenzao.

Kifafa hakiambukizwi kwa mate, kwa mkojo, kwa kukanyaga mahali mtu alipoangukia, wala kwa kula sahani moja. Anayemvuta mgonjwa kutoka kwenye moto hachukui ugonjwa wake.

Kurudi jikoni, kazini na shuleni

Kupona hakukamiliki mpaka mtu arudi kwenye maisha yake. Kumfungia ndani kwa kumwonea huruma humfanya awe mgonjwa maradufu. La busara ni kupunguza hatari na kumwachia mengine.

Jiko la makaa likae juu ya kinara imara au lizungushiwe uzio, na sufuria zielekezwe mikono ndani. Aoge kwa maji ya ndoo, mlango ukiwa haujafungwa kwa komeo, na mtu akijua yuko bafuni. Asichote maji peke yake kisimani, na asiogelee kwenye silanga wala kwenye machimbo ya mawe yaliyojaa maji. Mchungaji aende na mwenzake. Fundi wa mjengo aombe kazi ya chini, kama kufunga vyuma au kuchanganya simiti, badala ya kupanda jukwaani. Kuendesha gari au bodaboda kusubiri ruhusa ya daktari, kwa usalama wake na wa abiria.

Mtoto arudi shuleni akishapumzika. Mwalimu aambiwe wazi, na ikiwezekana darasa zima lifundishwe kumlaza mwenzao kwa ubavu. Watoto waliofundishwa hawakimbii.

Mwajiri naye ana wajibu. Ibara ya 27 ya Katiba inakataza mtu kubaguliwa kwa hali ya afya yake au ulemavu. Mfanyakazi aliyeanguka mara moja apewe siku za kupumzika na mazungumzo ya namna ya kumpangia kazi salama, si barua ya kufutwa.

Moyo nao unahitaji kupona

Siku chache baada ya shambulio, wengi huingiwa na huzuni. Sehemu ya huzuni hiyo inatoka kwenye ubongo wenyewe uliochoka. Sehemu nyingine ni aibu: nani aliniona, nani alicheka, nitapitaje pale tena? Wenye kifafa wako katika hatari kubwa zaidi ya sonona, na wengine hufikia kutaka kujiua. Jamaa asiogope kumuuliza waziwazi kama ana mawazo hayo. Kuuliza hakumpi wazo jipya. Humpa mtu wa kumwambia. Huzuni ikipita wiki mbili, au akitaja kifo, afikishwe kwa mhudumu wa afya mara moja bila kuachwa peke yake.

Wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao taifa lilizindua 100,000 kati yao Septemba 2023, wanaingia nyumba hadi nyumba. Familia isiwafiche mgonjwa chumba cha nyuma. Mhamasishaji anaweza kuuliza kuhusu dawa, kuangalia jiko na kukumbusha siku ya kliniki. Asiyejulikana yupo hawezi kufikiwa.

Basi, ndugu wakazi wa Gataka, siku mtu atakapoanguka njiani na mwili ukatulia, mmoja abaki. Amgeuze kwa ubavu, ahesabu dakika, amfunike, na angojee mpaka aliyeanguka aweze kutaja jina lake na njia ya kwao. Kisha amfikishe huko, na kesho yake apite kuuliza kama dawa ipo.